Hisabati kwa Kiswahili: Istilahi Tunazo, Maelezo Je?

Ndugu msomaji, niwie radhi kwa kuingiza tarakimu katika kurasa ambazo umezoea kukutana ndani yake na riwaya, arudhi na nadharia za uhakiki. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili. Hisabati niliiaga mwaka 2014, siku nilipomkabidhi msimamizi karatasi yangu ya mwisho ya mtihani wa kidato cha nne, nikaapa kwamba sisi wawili hatutaonana tena. Kiapo hicho nilikishika kwa miaka minane. Aliyekuja kunivunjia ni binti ya mama mdogo, likizo ya Desemba mwaka 2022, barazani kwetu Msambweni, kwa swali la mistari miwili.

Alikuwa ndiyo kwanza amalize kidato cha pili, na hamu yake ni uuguzi. Swali alilipata kwa rafiki yake aliyekwisha kuingia chuo cha uuguzi. Chupa ya dawa ya maji ina miligramu 250 katika kila mililita 5. Daktari ameagiza mgonjwa apewe miligramu 400. Je, muuguzi apime mililita ngapi?

Mwanzo aliuanza vizuri sana. Alitambua kwamba ikiwa mililita 5 zina miligramu 250, basi mililita moja ina 50. Akaiita idadi ya mililita asiyoijua x, akaandika:

50x = 400

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ile 50 aliivusha alama ya usawa, na ilipofika ng'ambo akaivika alama ya kutoa. Akagawanya 400 kwa hasi 50, akapata hasi 8. Mililita hasi nane za dawa! Nikamwuliza, "Mdogo wangu, huyu mgonjwa anapewa dawa au ananyang'anywa?" Akacheka, lakini kosa hakuliona. "Kaka, si kitu kikivuka hubadilisha ishara?" Akanighania kanuni hiyo kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama alivyokaririshwa darasani. Kiingereza chake hakikuwa na dosari yoyote. Nami nikanyamaza, kwa kuwa kanuni hiyo hiyo niliighani kwa miaka minne, nikapoteza alama kwa kosa hilo hilo, na hadi jioni ile hakuna aliyewahi kuniambia ni kwa nini kitu "kivuke", na kikivuka kwa nini kibadilike.

Hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Dai langu ni moja. Sisi wakereketwa wa Kiswahili tumefanya kazi kubwa ya kuunda istilahi za sayansi na hisabati, kisha tukasimama hapo, tukadhani kazi imekwisha. Kile ambacho hatujakifanya, na ambacho ni wajibu wetu sisi watu wa lugha kabla ya kuwa wajibu wa mtu mwingine yeyote, ni kuandika nathari ya Kiswahili inayoeleza jambo la hisabati tangu mwanzo hadi mwisho, hatua baada ya hatua, pamoja na sababu ya kila hatua.

Sisemi kwamba hatuna pa kuanzia. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo tangu mwaka 2009 imekuwa TATAKI, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Katika shule za msingi za serikali huko Tanzania, watoto husoma Hisabati kwa Kiswahili, na msamiati wao unapendeza. Namba iliyo juu katika sehemu ni kiasi, iliyo chini ni asili. Namba inayozidisha herufi ni kizigeu. Kigawe kidogo cha shirika hufupishwa KDS. Na kuna lile neno lililonifurahisha siku nilipolisikia mara ya kwanza: magazijuto. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni neno lenye silabi za Kiswahili, lenye mdundo, linaloweza kuimbwa na darasa zima.

Lakini lichukue magazijuto lenyewe ulitumie kwa 12 − 5 + 3. Mtoto aliyelikariri tu ataona kwamba "ju" limetangulia "to", kwa hiyo atajumlisha kwanza 5 na 3, apate 8, kisha atoe 8 katika 12, apate 4. Jibu sahihi ni 10, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina daraja moja na hufuatwa kutoka kushoto kwenda kulia, kama ambavyo kugawanya na kuzidisha navyo vina daraja moja. Neno ni zuri, na bado linaweza kumpoteza mtoto asipopata sentensi tatu za maelezo baada yake. Sentensi hizo tatu ndizo ninazozidai.

Turejee barazani. Kwa Kiingereza nilijaribu kumweleza nikakwama katika sentensi ya pili, maana na mimi nilichokuwa nacho ni kanuni tu. Nikahamia Kiswahili, na jambo la kwanza lililonijia ni neno lenyewe: mlinganyo. Limetokana na kulinganya, kufanya vitu vilingane. Na nani asiyejua mahali ambapo vitu hulinganywa? Nikamwambia akumbuke mizani ya zamani ya dukani, ile yenye vitanga viwili, mawe upande huu na sukari upande ule. Kisha nikamwandikia:

3k + 7 = 22

(Nilitumia k badala ya x kwa ukaidi kidogo. Alfabeti ya Kiswahili sanifu haina x, na k inatosha kabisa kusimamia kiasi tusichokijua. Wanasarufi watauliza k imo katika ngeli gani. Mimi nimeiweka katika I-ZI pamoja na herufi na namba. Mwenye hoja nyingine ailete.)

Kitanga cha kushoto, nikasema, kina vifurushi vitatu vilivyofungwa, vyenye uzito mmoja ambao hatuujui, pamoja na mawe ya kilo 7. Kitanga cha kulia kina mawe ya kilo 22. Mizani imetulia. Hiyo ndiyo maana ya ile alama ya usawa: si amri ya "toa jibu", bali ni taarifa kwamba pande mbili zina uzito mmoja. Sasa tunataka vifurushi vibaki peke yao. Nikaondoa zile kilo 7 za kushoto, nikamwuliza mizani imefanyaje. "Imelalia kulia." Tufanyeje itulie? Alijibu kabla sijamaliza kuuliza: "Tutoe saba na huku."

3k + 7 − 7 = 22 − 7

3k = 15

Nikamwomba anionyeshe ni kitu gani kilichovuka. Akatazama karatasi muda mrefu. Hakuna kilichovuka. Ile 7 haikusafiri kwenda popote. Iliondolewa kushoto, na 7 nyingine ikaondolewa kulia. Wanaoruka mstari wa kati na kuandika tu 3k = 22 − 7 ndio wanaoona kana kwamba 7 ya kushoto imehama na kubadilika njiani. Kanuni ya kuvuka ni kivuli cha hatua iliyofichwa.

Baada ya hapo lililobaki lilikuwa jepesi. Vifurushi vitatu vina kilo 15; kimoja kina ngapi? Tunagawanya kila upande kwa 3, tunapata k = 5. Alama ya kutoa haikujitokeza hapa, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kutoa. Tatu ilikuwa inazidisha, na kinachotengua kuzidisha ni kugawanya. Nilipomrudisha kwa muuguzi wetu na 50k = 400 sikusema neno. Aligawanya kila upande kwa 50, akaandika 8, akaichora mstari chini yake kwa nguvu hadi karatasi ikachanika.

Nilimfundisha jambo moja zaidi usiku ule, nalo ni kuhakiki. Neno hilo sisi wa fasihi tunalipenda mno, lakini katika mlinganyo lina ukali ambao sisi hatujaufikia. Unalichukua jibu lako, unalirudisha mahali pa herufi, na mlinganyo wenyewe unakwambia kama umesema kweli. Mara tatu tano ni 15, ongeza 7, ni 22. Pande zimelingana. Hapana haja ya mwalimu wala ya kurasa za majibu nyuma ya kitabu. Mtoto wa kidato cha pili anakuwa hakimu wa kazi yake mwenyewe. Lau angerudisha ile hasi 8 yake katika 50k, angepata hasi 400, na daktari hakuagiza hasi 400.

Siku ya pili tulipambana na mlinganyo mgumu zaidi, nao ulinionyesha mipaka ya mizani yangu:

5(k − 2) + 3 = 2k + 8

Kwanza tunafungua mabano: 5 inaizidisha k na inaizidisha 2, wala haimwachi mmoja nje. Tunapata 5k − 10 + 3, yaani 5k − 7.

5k − 7 = 2k + 8

Hapo mdogo wangu akanishika. "Kaka, jiwe la kutoa kilo saba umeliona duka gani?" Ni kweli, duka hilo halipo. Ikabidi tuihame mizani twende kwenye deni: upande wa kushoto una mafungu matano ya fedha na deni la shilingi 7. Ukitaka deni liondoke, ongeza 7. Na ukiongeza 7 kushoto, ongeza 7 kulia, ili usawa udumu.

5k = 2k + 15

Sasa k zimetapakaa pande zote mbili. Tunaondoa mafungu mawili kila upande: 3k = 15, kwa hiyo k = 5. Tukahakiki: kushoto, 5 mara 3 ni 15, ongeza 3 ni 18, kulia, 10 na 8 ni 18.

Msomaji atakayesema kwamba haya ni mambo ya kigeni ambayo Kiswahili hakikuzaliwa nayo, namwomba avitazame vizuri vile viwili tulivyofanya hivi punde: kuongeza pande zote kile kilichokuwa kimetolewa, na kuondoa pande zote kile kilichokuwa kimejirudia. Mnamo miaka ya 820 huko Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake lilibeba hatua hizo mbili. Ya kwanza aliiita al-jabr, kurudishia kilichopungua, na humo ndimo lilimotoka jina aljebra. Ya pili aliiita al-muqabala, kukabilisha. Huhitaji kamusi ya Kiarabu. Mzizi wa neno la pili umo katika kukabili, kukabiliana na mkabala. Wa lile la kwanza umo katika Jabari, jina tunalomwitia Mwenyezi Mungu. Sifuri ni ya huko, na hesabu ni ya huko. Maneno haya yalikwisha kuketi sebuleni mwetu karne nyingi kabla shule ya kwanza ya mkoloni haijajengwa. Tena al-Khwarizmi hakutumia alama yoyote kati ya hizi tunazozitumia. Hakuwa na x wala alama ya usawa, na hata namba aliziandika kwa maneno. Kitabu kizima ni nathari. Kitu asichokijua alikiita kitu.

Na alikiandika kwa ajili gani? Sehemu kubwa ya nusu ya pili ya kitabu hicho ni maswali ya mirathi na wasia. Basi chukua mfano ambao wazee wa pwani yetu wamekuwa wakiufumbua misikitini na mabarazani bila kuuita aljebra. Mtu amefariki, ameacha mke mmoja, mwana wa kiume mmoja na mabinti wawili. Wazazi wake walitangulia. Baada ya maziko na madeni zimebaki shilingi 320,000. Kwa sheria ya faraidhi, mke aliyeachwa na watoto hupata thumni, na kinachosalia huwaendea watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Fungu la binti mmoja liwe k:

40,000 + 2k + k + k = 320,000

Ondoa 40,000 kila upande, ibaki 4k = 280,000, na k ni 70,000. Kila binti ana 70,000, kaka yao ana 140,000, mama ana 40,000. Jumlisha uhakiki. Babu yangu, ambaye hakuingia shule ya serikali hata siku moja, angekupa majibu haya kabla hujapata kalamu. Kosa katika hesabu hii si alama moja iliyopotea kwenye mtihani. Ni dada na kaka kutosemezana hadi kufa.

Wapo watakaonijibu kwamba hayo ni ya Waarabu, na kwamba hisabati ya leo imeandikwa kwa Kiingereza, lugha iliyojaaliwa kwa kazi hiyo. Hawa nawapa habari ya Robert Recorde. Wakati wake, mtu msomi wa Uingereza aliandika mambo mazito kwa Kilatini. Kitabu cha al-Khwarizmi chenyewe kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kilatini na Robert wa Chester mwaka 1145. Recorde, mzaliwa wa Wales, aliamua kuiandika hisabati kwa Kiingereza ili watu wa kawaida wajifunze. Mwaka 1543 alitoa The Ground of Artes, kitabu cha hesabu kilichoandikwa kwa mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi, na mwaka 1557 akatoa The Whetstone of Witte, ambamo kwa mara ya kwanza ile alama ya usawa tunayoitumia duniani kote ilionekana katika chapa. Alichagua mistari miwili sambamba kwa hoja kwamba hapana vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba Kiingereza hakikusubiri kwanza kiwe lugha ya hisabati ndipo mtu aandike. Mtu aliandika, tena akaandika kama anavyozungumza na mwanafunzi aliyeketi mbele yake.

Hoja nzito zaidi nilipewa na mdogo wangu mwenyewe. "Kaka, nimeelewa. Lakini mtihani utakuja kwa Kiingereza." Sikumdanganya. Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO iitenge siku hiyo mwaka 2021, tunatoa hotuba ndefu. Hotuba hizo hazijaifikia karatasi ya hisabati. Nilichomwambia ni hiki: mlinganyo 3k + 7 = 22 unasomeka vilevile katika lugha yoyote; aliyeuelewa kwa Kiswahili hatausahau kwa kuwa maagizo yaliyo juu yake ni ya Kiingereza. Maswali ya maneno ni mtihani mwingine. Hapo sharti mtu akijue Kiingereza cha swali, nami sina dawa ya hilo. Ila nimeona kwa macho yangu mwanafunzi aliyekuwa na Kiingereza chote cha kanuni na hakuwa na kanuni.

Wala nisije nikaeleweka vibaya, nikadhaniwa kuwa nakilaumu Kiingereza. Kanuni ya "kikivuka kibadilike" nimekwisha kuisikia kwa Kiswahili pia, nayo inapoteza watu kwa ufasaha ule ule. Kutafsiri kanuni bovu hakuiponyi.

Katika semina moja ya idara nilipolidokeza wazo hili, mhadhiri mmoja ninayemheshimu alisema, kwa upole, kwamba sisi ni watu wa fasihi na isimu, hisabati tuwaachie wenyewe. Naomba kumpinga kwa adabu, na nitatumia ushahidi wa lugha peke yake. Tazama maagizo mawili: "toa 5 katika k" na "k toa 5". Yote mawili huandikwa k − 5. Lakini katika la kwanza tano imetamkwa mwanzo, na mwanafunzi anayeandika kwa kufuata mpangilio wa maneno huandika 5 − k. Hilo ni suala la sintaksia. Au chukua kauli ya sokoni na ya magazetini: "bei imepanda mara tatu zaidi". Ikiwa bei ya awali ni k, je, bei mpya ni 3k au ni k pamoja na 3k, yaani 4k? Nimewauliza wenzangu sita wa darasa la uzamili, wasemaji wa Kiswahili tangu utotoni. Wanne walisema 3k, wawili wakasema 4k, na mmoja wa hao wawili alikuwa tayari kuapa. Ukipanda kutoka shilingi 100, tofauti ya kauli hiyo ni kati ya 300 na 400. Mwanahisabati hawezi kutuamulia jambo hili. Ni sisi tunaopaswa kulichunguza, kulieleza na kupendekeza namna ya kusema isiyo na utata, mathalani "imekuwa mara tatu ya ilivyokuwa". Hapo pana tasnifu kadhaa, na sijaona hata moja.

Vivyo hivyo kuhusu mlinganyo usio na jibu. 2k + 3 = 2k + 5: ondoa 2k kila upande, inabaki 3 = 5, jambo lisilowezekana. Ukiwa 2(k + 1) = 2k + 2, namba yoyote itafaa. Tunasemaje kwa Kiswahili fasaha tofauti ya "jibu ni sifuri" na "jibu halipo"? Wanafunzi huvichanganya hivi viwili kila siku, na lugha yetu ina uwezo wote wa kuvitenganisha, mradi mtu akae aandike.

Ninachokiomba kwa chama chetu si makuu. Kila toleo la jarida hili litenge kurasa mbili kwa maelezo ya jambo moja la hisabati au sayansi, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na mwanafunzi wa Kiswahili, yakapitiwa na mwalimu wa somo lenyewe ili tusije tukachapisha uongo wenye vina. Walimu wanaofundisha kozi ya tafsiri na istilahi nawasihi wabadilishe zoezi lao la kila mwaka. Badala ya kumwagiza mwanafunzi aunde maneno 50 ya taaluma fulani, na hatimaye orodha hiyo ilale kabatini, mwambieni atumie maneno 5 yaliyokwisha kuundwa kumweleza mtoto wa darasa la saba jambo moja hadi aelewe, kisha amlete huyo mtoto. Na tuache ugomvi wa kama iwe ishara au alama, kiasi au kitu kingine. Maelezo yakitumika, wasomaji watachagua.

Kwa upande wangu nimeanza. Ninayo rasimu ya kurasa tisa kuhusu milinganyo yenye herufi moja, kuanzia ule wa vifurushi hadi yenye sehemu. Mahali palipokuwa pananishinda ni k ÷ 3 + k ÷ 4 = 14. Hatua yenyewe ni rahisi: KDS ya 3 na 4 ni 12, zidisha kila kilichomo pande zote kwa 12, upate 4k + 3k = 168, kwa hiyo 7k = 168, na k = 24. Theluthi yake ni 8, robo yake ni 6, na 8 na 6 ni 14. Shida ilikuwa kueleza kwa nini tunaruhusiwa kuzidisha, ilhali hatuna mizani ya kuzidisha. Nimeandika aya hiyo mara nne. Mdogo wangu ameisoma, akaniandikia kwamba ya tatu ilikuwa bora kuliko ya nne. Mwalimu yeyote wa hisabati aliye tayari kuipitia atanipata katika idara yetu Jumanne na Alhamisi alasiri.